SOMO LA WIKI: Bati bovu halipunguzi deni la nyumba

Msimu wa masoko ya tumbaku Urambo huleta fedha, na sehemu kubwa huishia kwenye saruji, nondo na bati. Wengine huongezea mkopo wa benki, nyumba ikiwa rehani. Vifaa vikiwa vibovu, nani anabeba hasara?

Ni mkopaji. Mkataba wa mkopo na ununuzi wa bati ni mambo mawili tofauti. Benki ilitoa fedha, nayo inadai fedha. Bati likivuja mvua za Novemba, marejesho yako palepale. Tuchukue mfano wa anayerejesha sh. 400,000 kwa mwezi. Kuezeka upya kwa sh. milioni 3 ni sawa na marejesho ya miezi saba na nusu.

Nchini Ireland, jimbo la Donegal, maelfu ya nyumba zilipasuka kuta kwa sababu ya matofali ya zege yenye madini yanayoyalegeza. Serikali ilianza kutoa ruzuku mwaka 2020, na sheria ya 2022 ikaweka ukomo wa yuro 420,000 kwa nyumba. Hata hivyo ruzuku hiyo ni ya matengenezo, si ya kufuta deni. Tanzania haina mfuko wa namna hiyo.

Kwa hiyo mdaiwa wa kwanza ni muuzaji. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214), bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, na dai la mkataba linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Lakini risiti iliyoandikwa "bati 60" tu haisaidii sana. Itaje geji na jina la kiwanda. (Wapo wanaolipia geji 30 wakidhani ni nene kuliko geji 28, ni kinyume chake.)

Benki nayo ifuatwe mapema, kabla rejesho halijakosekana, kuombwa iongeze muda au ipokee riba tu kwa miezi michache. Hailazimiki kukubali. Ila ukishashindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyorekebishwa, inakupa notisi ya siku 60, kisha benki inaweza kuuza. Notisi ikifika Desemba, siku hizo zinaisha Februari, tumbaku ikiwa bado shambani na kwenye mabani.