Leteni Maji Tuyapime: Mwaka Mmoja wa Chama cha Kemia cha Mji

Katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, meno ya mtu mzima yanaweza kukuambia alikulia wapi. Aliyekunywa maji ya chemchemi fulani utotoni ana madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Ndugu yake aliyelelewa kwa shangazi, kijiji cha pili tu, ana meno meupe. Wapo wanaodhani ni uvivu wa kupiga mswaki, na kuna vijana wanaoficha mdomo kwa kiganja wanapocheka. Sababu ni floraidi, madini ambayo maji huyayeyusha kutoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Wanakemia wanalijua jambo hili tangu zamani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kulifikisha jibu kwa yule anayechota ndoo.

Mimi naamini hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chama cha kemia cha mji. Nasema cha mji kwa makusudi. Vyama vya kitaifa tunavyo, Kenya na Tanzania, na tangu 2006 kuna shirikisho la vyama vya kemia vya Afrika lililozaliwa Addis Ababa. Lakini chama cha taifa hakiwezi kujua kisima gani kimekauka Ngaramtoni, karibu na Arusha. Hata Marekani, chama chao cha kemia kilichoanzishwa New York mwaka 1876 kilipata tawi lake la kwanza la eneo huko Rhode Island mwaka 1891, na mpaka leo matawi ya namna hiyo ndiyo yanayokutana na wananchi uso kwa uso. Makala haya yanaeleza mwaka mmoja wa chama kama hicho unavyoweza kwenda kwetu. Mifano mingi ni ya Arusha. Mtu wa Moshi, Singida au Nakuru hatapata shida kuibadilisha.

Januari na Februari: watu kwanza, halafu stoo

Watu kumi wanatosha kuanza. Watafute walipo: mwalimu wa kemia wa sekondari, mfamasia wa duka la dawa, fundi sanifu wa maabara ya mamlaka ya maji, mkemia wa kiwanda cha bia, na mama anayetengeneza sabuni ya maji nyumbani. Huyo wa mwisho msimwache. Anashika kemikali kila siku kuliko wengi wenye shahada, na maswali yake ndiyo ya wateja wake. Andikeni katiba fupi, chagueni mwenyekiti, katibu na mhazini, kisha fuateni taratibu za Msajili wa Vyama. Kwa mahali pa kukutania, mwandikieni mkuu wa shule barua ya kuomba maabara Jumamosi moja kila mwezi.

Tarehe 11 Februari ni Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi. Mwezi huohuo IUPAC, shirika la kimataifa la wanakemia, huratibu kifungua kinywa cha wanawake wa kemia katika nchi nyingi kwa siku moja. Kukiandaa si gharama: chai, maandazi, wasichana wa kidato cha tatu na wanawake wawili watatu wanaoishi kwa kazi ya kemia. Hotuba ziwe fupi. Wasichana watataka kujua masomo gani yanahitajika, chuo kinachukua miaka mingapi, na mshahara unatosha nini. Wajibiwe hayo.

Malipo ya kukaribishwa shuleni yawe kupanga stoo ya kemikali, na kazi hii isidharauliwe. Shule nyingi hupanga chupa kwa alfabeti, na alfabeti haijui kipi kinawaka na kipi kinaunguza. Potasiamu pamanganeti haifai kukaa karibu na gliserini, maana zikimwagikiana zinaweza kuwaka moto zenyewe bila kiberiti. Vioksidishaji viwe kwenye rafu yao, vimiminika vinavyoshika moto kabati lao, asidi kali chini kabisa, mbali na besi, ili mtu asizishushe juu ya uso wake. Chupa isiyo na lebo isinuswe wala kumwagwa kwenye sinki. Iwekwe kando, iorodheshwe. Kwa Tanzania, ulizeni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali namna ya kuiteketeza, kwa sababu kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yao tangu 2003.

Machi hadi Mei: maji

Siku ya Maji Duniani ni tarehe 22 Machi, na kwetu inaangukia pazuri, masika yakiwa yanaingia. Hapa chama kitumie nguvu zake nyingi kuliko mwezi wowote. Tangazeni kanisani, msikitini na kwenye mkutano wa kijiji: leteni maji tuyapime.

Uchotaji ukiharibika, kipimo kizuri hakisaidii kitu. Tumieni chupa ya plastiki, kwa sababu floraidi huweza kushikana na kioo. Bomba lifunguliwe dakika mbili tatu kwanza. Chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale yatakayopimwa, ijazwe, ifungwe, kisha iandikwe: jina la kisima au bomba, kijiji, tarehe, aliyechota. Lebo iandikwe kwa penseli au kalamu isiyofutika kwa maji. Kupima kwenyewe kunahitaji elektrodi ya floraidi, au kifaa cha kulinganisha rangi ambacho maabara nyingi za maji zinacho. Chama hakina haja ya kununua. Ombeni saa chache za mtaalamu wa mamlaka ya maji, ambaye kwa bahati njema ni mwanachama wenu.

Namba ya kukumbuka ni miligramu 1.5 kwa lita. Huo ndio ukomo unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Juu ya hapo, kwa miaka, meno ya watoto huanza kubadilika, na kiwango kikiwa kikubwa zaidi kwa muda mrefu, mifupa na maungio hukakamaa na kuuma. Wa kulindwa kwanza ni watoto walio chini ya miaka minane, kwa sababu jino huharibika likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Likishachomoza na madoa, maji safi hayalirudishi.

Kosa kubwa ninalolisikia ni kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu na kuendelee, ila floraidi haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki palepale na kuzidi kukolea. Mkaa wa kawaida wa miti nao hausaidii. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo hubaki na madini ya kalsiamu na fosfati yanayoikamata floraidi maji yanapopita. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi, na Nakuru pia wameitumia. Mambo mawili lazima yaelezwe kwa kila anayechukua chujio. La kwanza, mkaa huo huchoka, hivyo maji yanayotoka yapimwe tena mara kwa mara na mkaa ubadilishwe. La pili, mifupa ni ya mnyama gani na ilitoka wapi. Lisemwe kabla ya kuulizwa, maana mtu ana haki ya kujua anachokunywa kimepita kwenye nini.

Halafu kuna magadi. Yale ya kulainishia maharage na makande yanaweza kubeba floraidi nyingi, kwa hiyo familia iliyohangaika kupata maji mazuri inaweza kuirudisha floraidi chunguni. Kuloweka maharage usiku kucha ni mbadala usio na gharama.

Na jibu lililo rahisi kuliko yote liko angani. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Ndiyo maana nasema siku hii ya kupima maji ifanyike kabla masika hayajakolea, ili kaya ziwahi kuosha mifereji na kuandaa simtanki. Mvua ya kwanza ioshe bati na imwagwe, inayofuata ikingwe. Isipotosha kwa kufua na kuoga, itengwe kwa kunywa na kupikia watoto, ikiwa imetibiwa kama maji mengine yoyote ya kunywa.

Majibu yakitoka, msiyabandike ukutani siku hiyohiyo. Rudieni kipimo. Kisha wapeni kwanza kamati ya maji ya kijiji na mamlaka inayohusika, mkae nao, ndipo mkutano wa hadhara. Mwanakemia anayetangaza kisima kibaya bila kusema watu wakachote wapi amewaongezea hofu tu.

Juni hadi Agosti: sabuni na Nane Nane

Likizo ya katikati ya mwaka iende kwa watengenezaji wa sabuni. Wengi wamejifunza kwa kupokezana karatasi ya vipimo, na mikono yao inaonyesha: imechubuka, imekauka, wakati mwingine imeungua. Chama kiwape siku nzima ya vitendo. Miwani na glavu kabla ya kugusa asidi ya salfoniki au kostiki soda. Kostiki soda hutiwa kwenye maji kidogo kidogo huku ukikoroga, wala maji hayamwagwi juu yake, maana joto lake linaweza kurusha mchanganyiko usoni. Asidi kali nayo hivyohivyo: asidi iende kwenye maji. Mwishoni, kila mmoja apime sabuni yake kwa karatasi ya pH. Sabuni ya maji ya vyombo ikae karibu na 7. Ya mche kwa asili yake ni besi, hufika 9 hadi 10. Kijitabu cha karatasi za pH si ghali na kinatumika miezi mingi.

Siku hiyohiyo wafundisheni, na wao wakawafundishe wateja, kwamba jiki haichanganywi na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na choo cha ndani chenye dirisha dogo hakina pa kukimbilia. Jiki na amonia pia hutoa gesi yenye sumu. Anayeanza kukohoa na macho kuwasha atoke nje kwanza. Kusafisha kutasubiri.

Agosti ni Nane Nane, maonyesho ya wakulima. Kwa Arusha, chukueni meza kwenye viwanja vya maonyesho, hata kwa kushirikiana banda na shule. Chemsheni choya, gawanyeni juisi yake nyekundu kwenye glasi tatu, moja wekeni ndimu, nyingine magadi. Ya ndimu itazidi wekundu, ya magadi itageuka kuelekea kijani. Mkulima akiona hivyo, mwelezeni kwamba udongo wa shamba nao una uchachu wake na unapimika.

Kwenye meza hiyo pimeni chumvi. Waambieni watu waje na kijiko cha chumvi ya nyumbani. Kwa chumvi yenye madini joto, matone ya kipimo chenye wanga, potasiamu iodaidi na asidi dhaifu huleta rangi ya buluu au zambarau. Isiyo nayo hubaki nyeupe. Sheria za Tanzania na Kenya zinataka chumvi ya kula iwe na madini joto, kwa sababu upungufu wake huleta rovu na huzuia ubongo wa mtoto kukua vizuri tangu tumboni. Mshaurini kila mmoja aitunze kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu na jua, na aitie chakula kikikaribia kuiva.

Septemba hadi Desemba

Tarehe 16 Septemba, Siku ya Tabaka la Ozoni, ukumbusho wa Itifaki ya Montreal ya 1987, ni nafasi ya kuwaita mafundi wa friji mzungumze kuhusu gesi za friji zinazoharibu tabaka hilo. Jioni moja inatosha.

Oktoba ina mambo mawili. Tarehe 23 ni Siku ya Moli. Wamarekani huanza mwezi katika kuandika tarehe, wakapata 10/23, na idadi ya chembe katika moli moja ni 6.02 mara 10 kwa kipeo cha 23. Tangu 20 Mei 2019 idadi hiyo imewekwa rasmi na haibadiliki: 6.02214076 mara 10 kwa kipeo cha 23. Wao husherehekea kuanzia 6:02 asubuhi, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili na dakika mbili. Mimi napendelea tutumie saa yetu, saa sita na dakika mbili mchana, shule nzima ikiwa uwanjani. Pimeni moli moja ya kila kitu na mpange mezani: maji gramu 18, misumari gramu 55.8, chumvi gramu 58.4, sukari gramu 342. Mwanafunzi akishika mkononi mafungu yenye uzito tofauti hivyo, akaelewa kwamba idadi ni ileile, hesabu za moli hazimtishi tena. Kidato cha nne waacheni wajiandae na mtihani wa Novemba. Siku hii ni ya wadogo zao.

Jambo la pili ni madini ya risasi, kwa maana Oktoba ina wiki ya kimataifa ya kuzuia sumu yake. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Rangi ya zamani inayobanduka ukutani isikwanguliwe ikiwa kavu, ilowanishwe kwanza ili vumbi lisiruke. Anayenunua rangi mpya aulize kama haizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Betri za magari zisivunjwe uani, na sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu zisipikiwe vitu vichachu, maana zinaweza kuachia risasi kwenye mchuzi.

Desemba, katibu afungue daftari la maji na mhazini daftari la fedha, wanachama wakague yote mawili kwa uzito uleule. Nakala ya majibu ya visima ipelekwe kwa mamlaka ya maji, zahanati na ofisi ya kijiji. Visima vilivyozidi 1.5 vipangiwe tarehe ya kupimwa tena kiangazi cha Januari, ili vilinganishwe na majibu ya masika, na kila kimoja kipewe mwanachama mmoja wa kukifuatilia kwa jina.