Kutoka Rufiji hadi Mirihi

Ukitaka vijana waelewe kazi ya setilaiti, usianze na roketi. Wataishangilia, kengele italia, na hakuna atakayeondoka na kitu. Anza na picha ya mahali wanapopajua: uwanja wa shule, soko, bwawa. Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zinapatikana bure kwenye intaneti. Mtandao ukisumbua, chapisha moja kubwa ya rangi. Inatosha darasa zima.

Kabla hujaeleza lolote, waulize wanaona nini, na uwaache wabishane. Kila pikseli hapo ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo hata lori halitambuliki. Wape futi kamba wakapime mraba huo uwanjani, waandike kila kilichomo: nyasi kavu, njia, mchanga, nusu ya mwembe. Setilaiti huvichanganya vyote vikawa rangi moja. Muda ukiwa mfupi, acha mengine yote lakini siyo zoezi hili.

Kisha chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu, ubonyeze. Jicho halioni kitu, ila kwenye simu kitaa kinawaka. (Kamera ya nyuma ikigoma, jaribu ya mbele.) Hiyo ni mionzi ya infraredi. Majani mabichi huirudisha kwa wingi, na setilaiti huiona; ndiyo maana kwenye picha za rangi bandia, zinazoonyesha mionzi hiyo kwa rangi nyekundu, mikoko ya delta ya Rufiji hutokea nyekundu. Hakosekani wa kusema pameungua; mwache aseme, wenzake watambishia.

Sasa weka picha ya Rufiji kando ya picha ya Jezero, bila kutaja ni wapi. Wataona mto uliomwaga matope. Ndivyo wanasayansi walivyoona kutoka angani kwenye shimo hilo la Mirihi, lenye upana wa kilomita 45 hivi, na Februari 2021 gari la Perseverance likatua humo. Rufiji unapanda mtumbwi ukahakikishe. Kule ni gari tu. Nalo, kwenye sakafu ya lililokuwa ziwa, ambako wengi walitarajia matope yaliyogeuka mawe, lilikuta miamba iliyotokana na magma.

Perseverance lilibeba mirija 43 ya sampuli. Kipe kila kikundi mirija mitatu, kichague pa kuchimba kwenye picha ya Jezero, kitabiri kitakachopatikana, na kiandike kabisa ni jiwe gani likipatikana litaonyesha kimekosea.