Simu ya video inaganda? Anza na foleni ya kwenye ruta

Nafunga mitandao ya zahanati na shule za vijijini, kule ambako dishi la setilaiti na laini ya 4G hutumika pamoja. Lalamiko ninalolisikia zaidi ni hili: "Spidi ipo, lakini simu ya video inaganda." Nesi anamwonyesha daktari wa wilayani kidonda cha mgonjwa, picha inasimama, wanabaki kuulizana "unanisikia?" Hapo kinachosumbua ni ucheleweshaji.

Pima kwanza. Piga pingi kwenye kila njia peke yake, mtandao ukiwa umetulia, kisha rudia mtu akipakia video kubwa. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta haitakupa chini ya milisekunde 470 hivi, hata ufanyeje: swali linapanda na kushuka, jibu nalo vilevile. Za Starlink, zilizo kilomita 550 hivi, zina ucheleweshaji mdogo mno kuliko hiyo, hasa kituo cha ardhini kikiwa karibu. Umbali huo huna la kuufanya. Ila pingi ikitoka milisekunde 40 ikaruka hadi 700 mara tu mtu anapoanza kupakia, hiyo ni foleni ndani ya modemu, na dawa yake unayo mwenyewe.

Kwenye ruta ya OpenWrt sakinisha SQM, programu ya kusimamia foleni, chagua CAKE humo, kisha weka kikomo cha kasi kwenye asilimia 85 hivi ya kasi unayoipata jioni, watu wakiwa wengi. Foleni itahamia kwenye ruta, na CAKE itampa kila mtu zamu yake, badala ya video moja kuziba njia kama lori lililokwama darajani. Naliweka hili mbele ya yote, hata kabla ya kununua kifurushi kikubwa zaidi.

Kisha gawa kazi kati ya njia zako mbili kwa mwan3, programu nyingine ya OpenWrt: simu na malipo yapite 4G, nakala za akiba ziende setilaiti usiku. Usigawe pakiti za mazungumzo mamoja kwenye njia zote mbili. Zitafika zimepishana, TCP itadhani zimepotea na kupunguza mwendo.

Kwa setilaiti ya mbali, punguza safari. Ruta itunze majibu ya DNS, na seva zako zitumie TLS 1.3, inayookoa safari nzima kila muunganisho unapofunguliwa. Angalia pia VPN: modemu nyingi za setilaiti zina kiharakisha cha TCP, lakini hakiwezi kugusa kilichofichwa ndani ya VPN. Peleka VPN kwenye 4G.