Kuondoa rangi nyeupe kwenye mchoro wa bango

Tuseme kamati ya amani ya Kasongo inatengeneza bango la kuwakaribisha waliokimbia Salamabila, katika Kabambare. Mchoro umechorwa kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Ukiwekwa juu ya bango la kijani, weupe wa karatasi unabaki kama kiraka. GIMP, programu isiyolipiwa, inaweza kuufanya weupe huo uwe wazi kama kioo.

1. Fungua mchoro katika GIMP.
2. Kwenye menyu ya Kifaransa, chagua Couleurs, kisha Couleur vers alpha.
3. Hakikisha rangi iliyochaguliwa ni nyeupe, kisha kubali. Miraba midogo ya kijivu inaonyesha palipo wazi.
4. Chagua Fichier, kisha Exporter sous. Andika jina linaloishia na .png, kwa sababu JPEG haihifadhi sehemu zilizo wazi.

Kumbuka kwamba nyeupe yote huondoka, hata ya shati na ya macho.

Onyo
Usifiche uso wa mtu kwa njia hii, wala kwa kifutio cha programu. Faili ya PNG inaweza kubaki na rangi chini ya sehemu zilizo wazi, na mjuzi akazirudisha. Mtu akitambuliwa, ndugu zake waliobaki kijijini wanaweza kudhurika. Ni salama zaidi kupiga picha ya mikono ikilima, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Maswali ya kujadili
• Nani aombwe ruhusa kabla bango halijabandikwa?
• Nani anaweza kudhurika kwa picha hii?