Somo: Mbona Kijana Anatoa Damu Chuoni na Hatoi Nyumbani?

Ndugu wa vikundi, somo hili tungependa mlisome polepole, na ikiwezekana vijana wenu walio vyuoni wawepo.

Mama akivuja damu baada ya kujifungua, au mtoto akiishiwa damu kwa sababu ya malaria, sisi wa Kiambere tunaijua safari ya kutoka hapa hadi Embu mjini. Kufika hospitali ni jambo moja. Kukuta damu ni jambo lingine.

Hiyo damu hutoka wapi? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu ya kujitolea hapa Kenya imetoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Huduma ya taifa ya damu ilianzishwa mwaka 2000, miaka miwili baada ya bomu la Nairobi la Agosti 7, 1998, na vituo vikafunguliwa mikoani, kimoja kikiwa Embu. Wahudumu huenda shuleni kwa sababu huko wanakuta vijana wengi wenye afya mahali pamoja. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, damu ilipungua nchi nzima.

Lakini hata bila korona kuna likizo. Damu ikihifadhiwa vizuri kwenye baridi hukaa siku 35 hivi. Si kama ndengu, kwamba utatia guniani ungoje bei. Shule zikifungwa mwanzo wa Novemba, damu ya wanafunzi itakuwa imepitwa na wakati kabla hazijafunguliwa Januari. Na ajali za Krismasi hazingoji.

Sasa, yule kijana aliyetoa damu chuoni mwezi wa Mei, mbona akija nyumbani Desemba hatoi? Sisi hatuamini kwamba moyo wake umebadilika. Chuoni aliombwa. Rafiki zake walikuwa kwenye foleni, meza ilikuwa karibu na darasa, na kulikuwa na soda na biskuti (msicheke, mtu aliyetolewa damu anahitaji kunywa kitu). Huku nyumbani hakuna aliyemwomba, na pengine akisema anataka kutoa, mama anashtuka: "Wataka kukauka?"

Tumjibu huyo mama vizuri, maana anampenda mtoto wake. Mtu mzima ana kama lita 5 za damu. Hutolewa mililita 450, yaani chini ya nusu lita. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa majuma kadhaa. Ndiyo sababu mwanamume hungoja miezi 3 kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi 4. Aliye chini ya miaka 16, au chini ya kilo 50, au mwenye damu kidogo, hurudishwa. Kurudishwa si aibu.

Woga wa sindano upo, lakini huo huisha haraka. Woga mkubwa ni wa majibu. Damu yote hupimwa Ukimwi, kaswende na magonjwa ya ini ya aina B na C, na kijana hufikiri, "Wakinipata nayo, je, chuo kizima kitajua?" Majibu ni siri ya mwenyewe. Lakini siri hiyo huharibiwa na sisi wenyewe tukianza kuuliza kijijini, "Mbona fulani alienda na hakutoa?" Hapo tumewafukuza wengine kumi.

Halafu kuna maneno kwamba damu inauzwa. Zamani wazee walizungumza habari za mumiani wanaonyonya watu damu, na uvumi wa namna hii haufi upesi. Mifuko, vipimo na baridi vina gharama, lakini damu iliyotolewa bure si bidhaa. Ukidaiwa pesa hospitalini, uliza ni za nini na udai risiti. Kijana akisikia jirani alitozwa pesa za damu bila maelezo, hatoi tena, na sisi hatumlaumu.

Aprili 2015, chuo kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa na watu 148 wakauawa, Wakenya walipanga foleni kutoa damu. Kwa hiyo moyo upo. Shida ni kwamba foleni kama hiyo huonekana wakati wa msiba tu, na mama anayejifungua usiku Kiambere hatangazwi redioni.

Mkishasoma, zungumzeni wawili wawili, kisha mlete kikundini. Nani hapa amewahi kuongezwa damu, au mtu wake? Je, yuko tayari kuwaeleza vijana, maana wengi wao waliotoa hawajawahi kumwona mtu aliyepona kwa damu? Ni maneno gani tunayosema nyumbani yanayowatia hofu? Na nani atakwenda kwenye kituo cha afya kabla ya Novemba kuuliza kama wahudumu wa damu wa Embu wanaweza kuja siku ya soko, na wanataka watu wangapi ili safari yao isiwe ya bure?