Jirani Anapoonewa: Somo la Uganda na Vita vya Kagera

Desturi ya vijiji vyetu yajulikana: yowe likipigwa usiku, kila alisikiaye hutoka. Asiyetoka huulizwa asubuhi kwa nini alikaa kitandani. Lakini yowe likipigwa na taifa zima lionewalo na mtawala wake mwenyewe, ni nani atokaye, na hutoka kwa ajili gani? Swali hili si la wanasiasa peke yao. Lahusu pia baba na mama wa nyumba, maana vita vikija, watoto wao ndio wanaokwenda, na sufuria zao ndizo zinazokuwa tupu. Kwa hiyo twapenda kulitazama jambo hili kwa utaratibu, tukichukua mfano ulio karibu nasi: Uganda chini ya Idi Amin, tangu mwaka 1971 hata 1979.

Mtu aweza kusema kwamba Uganda ni mbali. Na tuitazame Ngerengere, mashariki ya milima ya Uluguru. Kutoka hapo hata Kampala ni kama kilomita 1,000 kwa mwendo wa ndege. Walakini reli ipitayo Ngerengere ndiyo ile ile iendayo Morogoro, Tabora na Mwanza, njia ya kuelekea Ziwa. Na hapo Ngerengere pana kituo cha ndege za kivita kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Mkulima wa huko asikiaye ngurumo juu ya shamba lake la mahindi anayo haki ya kuuliza: ndege hizi ni za kumlinda nani, na juu ya nani? Historia ya Uganda yampa sehemu ya jibu.

Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote alipokuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Jenerali Idi Amin aliitwaa serikali kwa nguvu za jeshi. Watu wengi wa Kampala walishangilia njiani, kwa kuwa walikwisha kuchoshwa na Obote. Hili tusilisahau: dhalimu mara nyingi huingia kwa vigelegele. Mataifa ya nje nayo hayakukawia. Uingereza iliitambua serikali mpya katika muda usiotimia majuma mawili. Israeli, iliyokuwa na wakufunzi wa kijeshi nchini humo, ilimwona Amin kuwa rafiki. Mwalimu Julius Nyerere alikataa kumtambua, akampa Obote hifadhi.

Muda si muda, yowe likaanza kusikika. Mwezi Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Tarehe 21 Septemba mwaka huo huo, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki aliyepata kuwa kiongozi wa serikali kabla ya uhuru, alikamatwa mahakamani mchana kweupe, asirudi tena. Januari 1973 Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno, aliuawa. Februari 1977 akauawa Askofu Mkuu wa Kianglikana, Janani Luwum. Hao ni wenye majina. Wasio na majina ni wengi mno. Makadirio hutofautiana, na mengine hufika watu 300,000.

Je, wananchi hawakuinuka? Walijaribu. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia kutoka Tanzania kwa silaha wakitumaini kwamba watu wataungana nao. Walishindwa vibaya, na waliobaki nyuma wakalipishwa kisasi. Kikosi baada ya kikosi katika jeshi kilijaribu kuasi, nacho kikazimwa. Mtu asiwalaumu upesi Waganda kwamba walikuwa waoga. Mahali ambapo jirani aweza kuwa mpelelezi, na ambapo anayekamatwa hafikishwi mbele ya hakimu, watu hawapati hata nafasi ya kukutana, sembuse kuinuka. Hiyo ndiyo kazi ya udikteta: kumfanya kila mtu awe peke yake.

Sasa na tuwaangalie majirani na wakubwa wa dunia, walifanya nini. Twaona namna tatu.

Namna ya kwanza ni ya wenye kutafuta faida. Israeli ilipofukuzwa mwaka 1972, Libya ilishika nafasi yake. Urusi ya Kisovieti iliuza ndege na vifaru. Uingereza ilivunja uhusiano wa kibalozi mwaka 1976. Lakini ndege za Uganda ziliendelea kutua Stansted, karibu na London, zikirudi Entebbe na vinywaji na vitu vya anasa kwa ajili ya maofisa wa jeshi. Marekani ilifunga ubalozi wake mwaka 1973, lakini wafanyabiashara wake wakaendelea kununua kahawa, hata Bunge lao lilipoipiga marufuku mwaka 1978. Hivyo mkono mmoja ulikemea, na mkono wa pili ukalipa. Fedha ya kahawa ndiyo iliyowalisha askari wa Amin.

Namna ya pili ni ya wenye kunyamaza kwa jina la sheria. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kanuni hiyo ilikuwa na maana yake: nchi changa zilihofia kumezwa na zenye nguvu. Lakini mwaka 1975 viongozi walikutana Kampala kwenyewe, wakamweka Amin kuwa mwenyekiti wao. Tanzania haikwenda, wala Zambia na Botswana. Serikali ya Tanzania ilisema wazi kwamba Afrika hupaza sauti Mwafrika akiuawa na mzungu wa kusini, na hunyamaza akiuawa na Mwafrika mwenzake. Neno hilo liliwachoma wengi kwa kuwa lilikuwa kweli.

Namna ya tatu ni ya jirani atokaye. Hata hivyo tuseme kweli: Tanzania haikutoka kwa ajili ya yowe tu. Mwaka 1972, baada ya shambulio kushindwa, ilitia sahihi mapatano ya Mogadishu, kila upande urudishe majeshi kilomita 10 kutoka mpakani. Ni mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi la Amin lilipovuka Mutukula na kuitwaa nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera, likiua, likipora ng'ombe na kiwanda cha sukari, ndipo vita vilipoanza. Mwalimu alilitangazia taifa tarehe 2 Novemba kwamba tunayo sababu ya kumpiga, tunao uwezo, na tunayo nia. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka pande zote mbili ziache kupigana, usimtaje mkosaji. Libya ilituma askari wake kumsaidia Amin, nao wakavunjwa nguvu huko Lukaya mwezi Machi 1979.

Waganda nao hawakukaa kando. Vikosi vya wakimbizi wao vilipigana bega kwa bega na askari wetu, na tarehe 24 hata 26 Machi vyama vyao vilikutana Moshi, vikamchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, alikofia mwaka 2003 bila kusimama mbele ya hakimu yeyote.

Je, ilikuwa halali? Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alionya kwamba uasi wa silaha huzaa dhuluma mpya. Lakini alitenga hali moja, yaani udhalimu ulio dhahiri na wa muda mrefu, unaovunja haki za msingi za watu na kuiharibu nchi. Kwa kipimo hicho, twaona Waganda walikuwa na haki ya kumwondoa Amin, na Tanzania ilikuwa na haki ya kujilinda. Lakini haki ya kuanza vita haihalalishi kila kitendo cha vita. Miji ya Masaka na Mbarara ilibomolewa kwa kulipiza kisasi cha Kagera, na waliopoteza nyumba hawakuwa Amin, bali watu waliokuwa wakimngoja mwokozi. Mtu anayeipenda nchi yake na akubali kulisema hili.

Tena, kumwondoa dhalimu si kuleta amani. Lule alitawala siku 68 tu. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa mwaka ujao. Desemba 1980 Obote alirudi kwa uchaguzi uliobishaniwa, na Uganda ikaingia vita vipya hata mwaka 1986. Na jirani naye alilipa. Gharama hukadiriwa kuwa dola milioni 500, na mataifa tajiri hayakusaidia kitu cha maana. Serikali iliwaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18. Miezi hiyo ikawa miaka, na akina mama wa Ngerengere, kama wa Bukoba, walipanga foleni kwa sabuni na sukari. Wengine hawakupata hata wa kumpangia foleni: wana wao wamelala Kaboya, mkoani Kagera.

Afrika ilijifunza kitu. Sheria ya kuunda Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lome mwaka 2000, yauruhusu Umoja kuingilia kati panapotokea mauaji ya kimbari, makosa ya vita na makosa juu ya ubinadamu. Na Machi 2008 askari wa Tanzania walikwenda Anzuani, visiwa vya Komoro, wakiwa pamoja na wenzao, kwa kuombwa na serikali halali na kwa idhini ya Umoja, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar. Kutoka kwa jirani kumewekewa utaratibu. Na utaratibu ni bora kuliko hasira ya mtu mmoja.

Basi, jamaa zetu zishike nini? Kwanza, tusimpigie vigelegele mwenye bunduki kwa sababu tu amemwondoa tuliyemchoka. Pili, taifa la kigeni likisema lamchukia dhalimu, tuangalie linanunua nini kwake na kumwuzia nini. Tatu, yowe la jirani lijibiwe mapema, kwa neno la wazi, kwa kumnyima fedha na silaha, na kwa kuwapokea wakimbizi, kabla halijawa moto wa kuzimwa kwa damu. Mwaka 1971 neno lingalitosha pengine. Mwaka 1978 halikutosha tena, na waliolipa tofauti hiyo ni watoto wa watu.