Kabla Hujapiga Windows Upya

Kompyuta ya mezani ikianza kugoma, sauti ikipotea, skrini ikigeuka ya bluu au waifai ikikatika kila mara, dawa ya kwanza utakayotajiwa mtaani ni kupiga Windows upya. Wakati mwingine inasaidia. Mara nyingi inasaidia kwa wiki mbili, kisha tatizo linarudi pale pale, na safari hii picha za harusi na hesabu za duka zimeshafutika. Kompyuta ya zamani huharibika sehemu tatu: kwenye umeme, kwenye vyuma vyenyewe, au kwenye draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuelewana na kila kifaa. Kupiga Windows kunagusa hiyo ya tatu tu. Kwa hiyo swali la kwanza si “nifanyeje?” bali “tatizo liko sehemu gani?”

Nazungumzia hasa zile mashine zilizoingia zikiwa zimeshatumika ofisini Ulaya, Marekani au Dubai, za Core 2 Duo au Core i5 za mwanzo. Nyingi zilitoka kiwandani na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Wenye nazo wakahamia Windows 10, nayo huduma yake ya kawaida ikafika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haizikubali rasmi. Basi mfumo ulibadilika, lakini kadi ya sauti, ya mtandao na ya picha zikabaki zile zile, na watengenezaji wake wengi walishaacha kuziandikia draiva mpya. Windows 10 ikikosa draiva halisi huweka inayokaribiana nayo au ile ya msingi kabisa. Ndiyo maana unakuta skrini imekwama kwenye maandishi makubwa yasiyopungua, na video inakwenda kwa kukatakata.

Anza na umeme, kwa sababu ndio rahisi kuukagua na ndio unaosahaulika. Kama mashine ilitoka Marekani, tazama nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme: huenda kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Isomeke 230 kabla hujachomeka, la sivyo umeme wetu utaiunguza pawa saplai papo hapo. Kisha zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, halafu washa tena. Hatua hiyo peke yake hurudisha vifaa vingi vya USB na kadi za mtandao vilivyokuwa vimeganda.

Halafu betri. Hii nitaikalia kidogo, maana imewatoa watu pesa nyingi bila sababu. Kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa uliobeba kila kitu, kuna betri bapa ya duara iliyoandikwa CR2032. Ni ya volti 3, na kazi yake ni kulinda saa na mipangilio ya BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, umeme ukikatika. Ikifa, saa inarudi nyuma miaka mingi. Kivinjari kikiona tarehe ya zamani kinakataa kufungua tovuti za benki na barua pepe kikidai si salama, na mwenye kompyuta anadhani draiva ya mtandao imeharibika. Baya zaidi, BIOS ikirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, namna ya kuwasiliana na hadidiski inaweza kuhama kutoka AHCI kwenda IDE. Windows iliyowekwa kwa AHCI ikiwashwa hapo haioni diski yake, inatoa skrini ya bluu yenye 0x0000007B au maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hapo ndipo watu hupiga Windows! Ingetosha kununua betri mpya, kuingia BIOS, kurekebisha tarehe na kurudisha AHCI. Ukiona saa ya kompyuta inapotea kila umeme unapokatika, usiguse kitu kingine kabla ya betri.

Kasha likiwa wazi na waya umechomolewa, gusa kwanza chuma kitupu cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha angalia ndani. Vumbi, mende na mijusi si hadithi. Anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar aongeze hewa ya chumvi, inayokula miguu ya kadi na ya RAM. Chomoa RAM, isugue miguu yake ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, ipanguse, irudishe mpaka vibanio vilie pande zote. Tazama pia kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Vikiwa vimevimba au vimetoa uchafu wa kahawia, acha habari ya draiva. Hapo ni kazi ya mwenye kifaa cha kulehemu, au ni mwisho wa mazabodi hiyo.

Vyuma vikionekana salama, rudi kwenye skrini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, bonyeza Enter. Inafunguka kalenda ambayo wachache wanaijua, inayoonyesha siku kwa siku nini kiliwekwa na nini kilianguka, na alama nyekundu mahali pa makosa. Kama alama nyekundu zimeanza Jumanne na Jumatatu yake kuna draiva ya printa iliyoingia, umeshampata wa kumhoji. Kama zimetapakaa tangu zamani bila mpangilio, huku programu tofauti zikianguka kila mara, shuku RAM: andika mdsched.exe kwa njia hiyo hiyo, iache kompyuta ijiwashe upya na kuipima.

Sasa orodha ya vifaa. Njia ni ile ile, unaandika devmgmt.msc. Kifaa chenye pembetatu ya njano kina tatizo. Chenye mshale unaotazama chini kimezimwa tu, pengine na mtu. Bofya mara mbili kifaa chenye njano usome namba ya kosa, maana namba hizo zinasema mengi kuliko maneno yanayozifuata. 28 maana yake draiva haijawekwa kabisa. 39, faili la draiva limeharibika au halipo. 10, draiva ipo ila kifaa hakikuanza. Mara nyingi ni draiva isiyolingana na mfumo. 43 ni kifaa chenyewe kuripoti hitilafu, na kwa vitu vya USB usikimbilie draiva: badilisha waya kwanza, kisha hama kutoka matundu ya mbele kwenda ya nyuma. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampea 500 tu, na hadidiski ya nje huweza kuhitaji zaidi ya hapo, sembuse ikipitia waya mrefu wa mbele ulioanza kuchoka.

Namba 12 ndiyo mgongano wenyewe, vifaa viwili kugombea nafasi moja. Enzi za kabla ya Windows 95 huu ulikuwa mtihani wa kila siku: kompyuta ilikuwa na njia 16 tu za vifaa kuomba kusikilizwa, zenye namba 0 hadi 15, na kadi ya sauti iliyopangwa kwenye namba 7 ingegombana na tundu la printa. Mafundi wa wakati huo walihamisha vibanio vidogo kwa koleo. Siku hizi ni nadra. Ukikutana nayo, ingia BIOS uzime usichokitumia, hasa yale matundu ya zamani ya printa na ya modemu, uwashe upya.

Mgongano wa leo una sura nyingine: programu mbili zinafanya kazi moja. Antivirusi mbili kwenye mashine yenye RAM ya GB 2 zinatosha kuigandisha. Draiva ya kadi ya picha iliyochomolewa mwaka juzi bado ipo na inasumbua mpya. Kwenye orodha ile ile fungua menyu ya View, chagua “Show hidden devices”. Vinavyoonekana vimefifia ni vifaa ambavyo havijaunganishwa kwa sasa. Ondoa unavyovitambua na usivyovitumia tena, na usivyovijua uviache. Kuna pia magomvi ya uongo. Umeunganisha televisheni kwa HDMI na sauti ya spika ikapotea: hakuna kilichoharibika, Windows imehamishia sauti kwenye televisheni. Bofya alama ya spika pale chini uchague spika zako.

Bado huna uhakika kama ni chuma au ni draiva? Kuna njia mbili za kuvitenganisha. Ya kwanza ni kuwasha Windows kwa hali salama, ambayo hupakia draiva za msingi peke yake. Kwenye Windows 7 unagonga F8 wakati inawaka. Kwenye Windows 10 unashikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha unafuata menyu ya Troubleshoot hadi Startup Settings. Ikitulia saa nzima bila kuanguka, inyooshee kidole draiva. Ya pili naiamini zaidi: weka mfumo wa Linux Mint, usiotegemea Windows, kwenye flashi ya GB 8, washa kompyuta kupitia flashi hiyo (F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP) na uitumie bila kuisakinisha. Hadidiski yako haiguswi. Sauti ikitoka na waifai ikikaa chini ya Linux, chuma ni kizima na fedha ya kadi mpya ibaki mfukoni. Vikikataa huko pia, basi huenda kadi ndiyo mbovu, au waya wake.

Ikithibitika ni draiva, usianze kwa kutafuta mpya. Kwenye dirisha la kifaa kuna kitufe cha “Roll Back Driver”. Kikiwa hai, kinarudisha draiva iliyokuwapo kabla ya masasisho. Kikiwa kimefifia ndipo utafute. Kabla ya hapo andika SystemPropertiesProtection kwenye kile kiboksi cha amri na utengeneze kituo cha kurudi. Kwenye Windows 10 ulinzi huo mara nyingi umezimwa, uwashe. Kisha andika msinfo32 uone mfumo wako ni x64 au x86. Draiva ya mmoja haikubali kwenye mwingine, na hapa ndipo printa nyingi nzuri za zamani zilipostaafishwa: draiva zake ziliandikwa kwa biti 32 tu.

Mahali pa kupata draiva ni tovuti ya aliyetengeneza kompyuta. Dell ina namba ya herufi na tarakimu saba kwenye kibandiko cha kasha. Ukiiandika kwenye tovuti yao inakuletea za mashine hiyo hiyo. Kama kompyuta iliungwaungwa, rudi kwenye dirisha la kifaa, kwenye Details uchague “Hardware Ids”. Utaona mfano PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Zile nne za kwanza zinamtaja mtengenezaji: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Nne za pili zinataja kifaa chenyewe. Tafuta kwa namba hizo. Programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mkupuo mmoja, sizishauri. Nyingi huja na matangazo na hubadilisha hata zilizokuwa nzima. Weka moja, washa upya, jaribu, andika kwenye karatasi, ndipo uende nyingine. Kama zote zimekosekana, tangulia na ya chipseti.

Na kama kadi ya mtandao ndiyo haina draiva, utapakuaje? Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Windows 10 kwa kawaida huitambua bila draiva ya ziada. Washa tu “Metered connection” kwenye mipangilio ya mtandao, la sivyo masasisho yatameza bando zima kabla hujapata faili lako. Ukilazimika kuweka Windows 7, kumbuka haina draiva ya USB 3.0, hivyo kibodi na mausi vichomeke kwenye matundu yasiyo ya bluu.

Ukishindwa, nenda kwa fundi, lakini usiende na neno “inasumbua”. Mpelekee karatasi yenye namba ya kosa, zile tarakimu za kifaa, tarehe alama nyekundu zilipoanza, jina la faili lenye mwisho wa .sys kama skrini ya bluu ililitaja, na matokeo ya jaribio la Linux. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kabla hujatoka nyumbani. Na akisema lazima apige Windows, muulize kwanza kama ameitazama betri.